Kufuta Neno na Kufuta Ubaguzi: Akili Unde na Lugha ya Jinsia katika Wasifu-kazi

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo siku hizi hukabidhiwa kompyuta ni ile ya kusafisha lugha ya wasifu-kazi, yaani hati ambayo mwombaji kazi hueleza humo elimu yake, ujuzi wake na nyadhifa alizopata kushika. Programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, hupewa hati hiyo zikaondoa maneno yanayodokeza kuwa mwombaji ni mwanamke au mwanamume, ili atakayeisoma apime ustadi peke yake. Nia hiyo ni njema. Hapa Kenya inaafikiana na kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachokataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya jinsia, mimba au hali ya ndoa. Inaafikiana pia na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo humkinga hata yule ambaye bado anaomba kazi.

Huenda msomaji akasema kwamba suala hili ni la Waingereza na Wafaransa, kwani sarufi ya Kiswahili haimtengi 'yeye' wa kike na 'yeye' wa kiume. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kauli hiyo ni sahihi kuhusu sarufi lakini haitoshi kuhusu lugha. Pili, kwamba alama za jinsia si za aina moja, na mashine isiyozipambanua huweza kumdhulumu mtu yuleyule iliyokusudia kumlinda.

Jinsia isiyohitaji kiwakilishi

Katika sentensi 'Alisimamia mafundi 20', kiambishi a- hakitufichulii kama msimamizi ni Juma au ni Halima. Mhandisi, mwenyekiti na mwanasheria huweza kuwa wa jinsia yoyote. Waingereza walilazimika kutafuta mbadala wa jina la mwenyekiti lililokuwa na 'mwanamume' ndani yake. Sisi hatukuwa na haja hiyo.

Lakini jinsia ina milango mingine. Tutazame kitenzi 'oa'. Katika matumizi ya kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Basi mwombaji anayeandika 'nimeolewa' mbele ya kipengele cha hali ya ndoa amekwisha kujitambulisha kwa kiambishi kimoja tu cha kutendwa. Tutazame pia neno 'kiume'. Barua ya kumpendekeza mtu huweza kusema kwamba 'alikabili matatizo kiume', maana yake kwa ujasiri. Ikiwa anayependekezwa ni mwanamke, sifa hiyo inampandisha kwa kumtoa katika jinsia yake.

Kwa upande mwingine, 'mkono wa kuume' una mzizi uleule wa -ume, wala hakuna msemaji anayeona humo mume wala mke. Programu inayowinda mfuatano wa herufi pekee itaushuku mkono huo, na itamwona 'mke' hata ndani ya 'mkeka'. Ilhali 'nimeolewa' itaipita bila kuigusa ikiwa haikufundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Hapa pana kazi ya mwanaisimu ambayo mhandisi wa kompyuta hawezi kuifanya peke yake.

Mashine hujifunza kutoka wapi

Programu za leo hazikuandikiwa kanuni moja moja na wanasarufi. Hulishwa matini nyingi mno, kisha kila neno hugeuzwa kuwa safu ya tarakimu kulingana na maneno linaloandamana nayo. Maneno yenye majirani wamoja hukaribiana katika hesabu hiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: mashine iliyolelewa kwa maandishi yenye dhana kongwe hukua nazo. Mwaka 2016 Tolga Bolukbasi na wenzake walichunguza hesabu za namna hiyo zilizotokana na habari za Kiingereza. Walikuta kwamba palipo na mwanamume na mtunzi wa programu za kompyuta, mashine ilimlinganisha mwanamke na mama wa nyumbani.

Kiswahili nacho kimepitia mtihani wa aina hii. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Brazil, Prates, Avelar na Lamb, walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa mfasiri wa Google. Walimpa sentensi za majina ya kazi katika lugha 12 ambazo viwakilishi vyake havibainishi jinsia, Kiswahili na Kiyoruba zikiwamo, azitafsiri kwa Kiingereza. Waliona kwamba mashine ilielekea mno kuchagua kiwakilishi cha kiume, hasa katika kazi za sayansi na uhandisi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Google ilianza kutoa tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya sentensi za Kituruki.

Funzo la uchunguzi huo ni kwamba kimya cha sarufi yetu hakikulindwa. Mwandishi alinyamaza kuhusu jinsia, mashine ikamsemea. Barua ya kumpendekeza mhandisi mwanamke ikiandikwa kwa Kiswahili kisha ikafasiriwa hivyo, mhandisi huyo huweza kufika mbele ya mwajiri akiwa mwanamume.

Aina tatu za alama

Ili kupima kazi ya kusafisha wasifu-kazi, twapendekeza alama za jinsia zigawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la alama za wazi: 'Bi', 'Bwana', 'nimeolewa', 'karani wa kike', 'kiume' kwa maana ya ujasiri. Hizi zikiondolewa, au zikibadilishwa, hakuna habari ya ustadi inayopotea. 'Alikabili matatizo kwa ujasiri' inasema yote yaliyohitajika. Mashine yaweza kufanya kazi hii, na kuifanya kwa haraka.

Fungu la pili ni la alama zilizofungamana na tendo lenyewe. Mwombaji aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba ameonyesha uaminifu katika fedha za watu. Aliyesoma katika shule ya wasichana hawezi kutaja shule yake pasipo kujitaja, na hapa Kenya shule za jinsia moja ni nyingi. Mashine ikifuta mstari mzima, imefuta kazi yake pamoja na jinsia yake. Ikiandika 'mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba', imehifadhi kazi. Tofauti ya marekebisho haya mawili huweza kuwa ndiyo tofauti ya mtu kuitwa kwenye mahojiano na kuachwa.

Fungu la tatu ni la alama za kimya: vitenzi anavyopendelea mtu, mpangilio wa habari, miaka aliyokaa nje ya ajira akilea mtoto. Hakuna neno moja la kunyoshea kidole. Kisa cha kampuni ya Amazon ya Marekani kinatuonyesha nguvu ya fungu hili. Kwa mujibu wa taarifa ya Reuters ya Oktoba 2018, kampuni hiyo ilianza mwaka 2014 kuunda programu ya kupanga wasifu-kazi kwa madaraja, ikiifundisha kwa hati za miaka 10 ambazo nyingi zilikuwa za wanaume. Programu ikajifunza kushusha hati yenye neno la Kiingereza lenye maana ya '-a wanawake', kama katika 'klabu ya sataranji ya wanawake'. Wahandisi waliirekebisha isiyajali maneno ya namna hiyo. Hata hivyo hawakuwa na hakika kwamba haingebuni njia nyingine, na taarifa ilieleza kwamba ilipendelea vitenzi vilivyozoeleka zaidi katika hati za wahandisi wa kiume. Hatimaye kikundi kilichoiunda kikavunjwa.

Utafiti wa Maria De-Arteaga na wenzake wa mwaka 2019 unathibitisha jambo hilo kwa upana zaidi. Walichukua wasifu mfupi wa watu karibu 400,000 wa kazi 28, ulioandikwa kwa Kiingereza, wakaitaka mashine ikisie kazi ya kila mtu. Walipoondoa majina na viwakilishi vya jinsia, tofauti baina ya wanawake na wanaume ilipungua, lakini haikutoweka.

Wajibu wa wataalamu wa lugha

Kutokana na hayo, twaona kwamba kumpa mwombaji kazi jukumu la kujisafisha ni kuanza na mtu asiye na mamlaka. Tangazo la kazi ndilo hutangulia wasifu-kazi. Mwaka 2011 Gaucher, Friesen na Kay walionyesha kwamba matangazo ya kazi zilizojaa wanaume yalikuwa na maneno mengi zaidi yanayohusishwa na uanaume, kama yale ya ushindani na utawala, na kwamba maneno hayo yaliwapunguzia wanawake mvuto wa kazi hizo. Mashine ielekezwe kwanza kwa tangazo na kwa mwajiri. Tangazo linalosema 'Anatakiwa msichana wa kazi', hali anayetafutwa ni mtu mzima, lina makosa mawili katika maneno manne.

Ama kuhusu wasifu-kazi, tungependa mashine ionyeshe neno inalolishuku na sababu yake, kisha imwachie mwenye hati uamuzi. Nasi tunaofundisha Kiswahili tuna kazi tatu: kukusanya matini za Kiswahili za ajira, zikiwa zimefichwa majina ya wenyewe, kuziwekea alama kwa kufuata mafungu yaliyotajwa, na kuzijaribu programu zinazoletwa kabla hazijaaminiwa. Pasipo hayo, programu hizo zitatuhukumu kwa mazoea ya matini za Kiingereza, na watu wetu watapoteza kazi kwa neno ambalo wao hawakulitamka.