Moshi wa Kawale na Chombo Kidogo cha Kuupima

Mama anunuapo sukari dukani hutazama mizani kwanza, ndipo atoe fedha. Akidhani amepunjwa atauliza, na mwenye duka aliye mwungwana atapima upya mbele yake. Lakini hewa ambayo mama huyo huivuta mchana na usiku, ambayo kwa mtu mzima hupita lita 10,000 kwa siku moja, huingia kifuani mwake bila ya kupimwa na mtu yeyote.

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia nyingine. Mtambo mmoja wa kupimia uchafu wa hewa, wa aina inayokubaliwa na serikali, hugharimu makumi ya maelfu ya dola, nao unataka umeme usiokatika pamoja na fundi aliyeusomea. Miji mingi ya Afrika haikuwa na hata mtambo mmoja. Katika miaka kumi na kitu iliyopita, hata hivyo, vimetokea vyombo vidogo vya bei nafuu ambavyo vyaweza kutundikwa ukutani au juu ya nguzo, vikaendeshwa kwa nguvu ya jua na kupeleka hesabu zake kwa njia ya simu ya mkononi. Kwa bei ya mtambo mmoja mkubwa mji waweza kupata makumi ya vyombo hivi, vikaenezwa mtaa kwa mtaa. Mtandao wa namna hiyo ungekuwa na kazi kubwa ya kufanya mahali kama Kawale.

Kawale ni mtaa wenye watu wengi katika Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Msafiri atokaye Dar es Salaam au Bukavu hashangai kusikia Kiswahili humo, kwa maana watu wengi kutoka Burundi, Rwanda na Kongo wamepata kuishi na kufanya biashara mtaani hapo. Lugha hiyo hiyo ndiyo iwaunganishayo watu wa Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 40 kaskazini ya mji. Dzaleka ilikuwa gereza hapo zamani. Mwaka 1994 ilifunguliwa kwa wakimbizi, ikikadiriwa kuchukua watu 10,000 hadi 12,000. Idadi hiyo sasa imepita 50,000. Na mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi makazini, msongamano ulizidi.

Mahali hapo pawili, pamoja na tofauti zake, pana desturi moja: chakula cha jioni hupikwa kwa mkaa au kwa kuni. Jiko, ambalo Wamalawi huliita mbaula, huwashwa uani au barazani saa ile ile ambayo majirani wote wanawasha majiko yao. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya nyanda za Lilongwe hulaza hewa karibu na ardhi, na moshi badala ya kupanda juu hutanda kati ya nyumba na nyumba. Baadaye, katika miezi ya Septemba na Oktoba, huongezeka moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa kabla ya mvua. Juu ya hayo kuna takataka zinazochomwa kando ya nyumba, matanuri ya matofali, mabasi madogo ya dizeli na wakaanga chipsi wa kando ya barabara. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, hata zile nyumba chache zilizozoea kupikia umeme zilirudi kwenye mkaa kila umeme ulipokatika.

JINSI CHOMBO KIFANYAVYO KAZI

Sehemu ya chombo ipimayo vumbi haizidi sana boksi la kiberiti kwa ukubwa. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa, taa ya leza, na jicho linalopokea mwanga. Chembe za moshi zipitapo mbele ya taa hutawanya mwanga, kama vumbi lionekanavyo katika mwale wa jua upenyao dirishani asubuhi. Jicho lile huuhesabu mwanga uliotawanywa, na kwa hesabu hiyo hukadiria uzito wa chembe zilizomo hewani.

Chembe zinazotafutwa zaidi ni zile zisizozidi maikroni 2.5 kwa upana. Unywele wa mtu una upana wa maikroni 70 hivi, basi chembe moja ni ndogo kuliko unywele kwa takriban mara thelathini. Kwa udogo huo haizuiwi na pua wala koo. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri kwamba wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na wastani wa siku moja usizidi 15. Shirika hilo hilo limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano.

Hapa hapana budi kutoa tahadhari, maana biashara ya vyombo hivi ina maneno mengi matamu. Chombo cha bei nafuu chaweza kudanganya bila kujijua. Kukiwa na ukungu au unyevu mwingi, kama ilivyo masika, matone madogo ya maji hutawanya mwanga vile vile, na chombo husoma moshi mahali ambapo hapana moshi mwingi. Vumbi hujaa ndani, feni huchoka, na baada ya mwaka mmoja au miwili hesabu zake huanza kupotoka. Kwa hiyo hakiwezi kuaminiwa mpaka kiwekwe kwa muda ubavuni mwa mtambo mkubwa, hesabu zao zilinganishwe na kusahihishwa. Hivyo ndivyo mizani ya sokoni inavyopimwa kwa jiwe lenye mhuri.

Malawi imekwisha kuonja ugumu huo. Wataalamu kutoka Marekani walipotaka kuweka vyombo vitatu vya namna hii katika sehemu za mashambani za Malawi kwa muda wa mwaka mmoja, iliwabidi kuvilinganisha kwanza na mitambo ya serikali huko North Carolina, ndipo wavisafirishe. Taarifa ya kazi yao ilitolewa mwaka 2022, na swali lake kubwa lilikuwa hilo hilo: je, chombo kilichofundwa katika hewa ya Marekani chaweza kusema kweli katika hewa ya kijiji cha Malawi, ambako joto ni jingine na moshi wenyewe ni wa aina nyingine?

Uganda ilifuata njia ya kujitegemea zaidi. Mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere ulianzishwa mradi uitwao AirQo, chini ya uongozi wa Profesa Engineer Bainomugisha. Wataalamu wake walitengeneza vyombo vyao wenyewe mjini Kampala, wakavifanya vistahimili vumbi, joto na umeme wa kukatika-katika, na vingine wakavifunga juu ya pikipiki za bodaboda ili vipime mji huku vikitembea. Sasa vyombo vya mradi huo vimefika katika miji kadhaa ya Afrika nje ya Uganda. Jambo la kusifiwa zaidi ya vyombo vyenyewe ni kwamba fundi wa kuvitengeneza vinapoharibika yuko hapo hapo, hangojwi kutoka ng'ambo.

Ubaya wa kutegemea jiwe la mizani la kuazima ulionekana mwezi Machi 2025. Kwa miaka kadhaa balozi za Marekani katika miji kama Kampala na Addis Ababa zilikuwa na mitambo mikubwa, na hesabu zake zilitangazwa kwa watu wote. Mwezi huo serikali ya Marekani ikasitisha kuzitangaza.

MOSHI HAUJUI UA

Yuko atakayesema kwamba familia ya Dzaleka isiyokuwa na hakika ya unga wa kesho haina haja ya kipima hewa. Akipewa fedha mama wa nyumba hiyo atanunua kuni. Maneno hayo yana uzito. Aidha, kuna hatari kwamba hesabu zikishapatikana zitageuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mama apikaye, aambiwe kwamba ndiye achafuaye hewa, kana kwamba kuna moto mwingine alioukataa.

Lakini ushahidi mkubwa wa kumtetea mama huyo umetoka Malawi kwenyewe. Katika wilaya za Chikhwawa na Karonga ulifanyika uchunguzi uliohusu watoto zaidi ya 10,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Nyumba za vijiji fulani zilipewa majiko ya kisasa yenye feni, yanayounguza kuni vizuri na kutoa moshi kidogo. Nyumba za vijiji vingine ziliendelea na moto wa kawaida. Ilitumainiwa kwamba ugonjwa wa kichomi ungepungua kwa watoto wa majiko mapya. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2016: haukupungua. Watoto wa pande zote mbili waliugua kwa kadiri moja. Mojawapo ya maelezo ya wachunguzi ni kwamba jiko halikuwa chanzo pekee. Moshi wa takataka, wa tumbaku na wa mioto mingine uliendelea kuwafikia watoto wale wale.

Matokeo hayo yaliwavunja moyo watu wengi, lakini kwa mwenye kufikiri yana somo kubwa. Nyumba moja haiwezi kujisafishia hewa peke yake kama vile isivyoweza kujichimbia mto wake. Watu wa London walilijua hilo kwa msiba. Mwezi Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe, mwingi wake ukitoka katika majiko ya majumbani, ulitanda juu ya mji kwa siku tano na kuua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya kwanza. Hesabu za baadaye zilifika 12,000. Hawakuambiwa kila mmoja akae na jiko lake na dhamiri yake. Mwaka 1956 ilitungwa sheria iliyoruhusu mitaa mizima kutangazwa kuwa mahali pasipofukizwa moshi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama za kubadili majiko.

Hapo ndipo faida ya vyombo vingi vidogo ilipo. Mtambo mmoja juu ya paa la wizara hueleza hali ya hewa ya wizara. Vyombo kumi vilivyoenezwa Kawale, kimoja sokoni, kimoja penye kituo cha mabasi, kimoja karibu na dampo la takataka, na vingine katika nyua za nyumba kwa kimo cha mtoto atambaaye, vingeonyesha ni saa gani na upande gani moshi unazidi. Kama ni takataka, halmashauri ya mji itadaiwa magari ya kuzizoa. Kama ni dizeli, polisi wa usalama barabarani watajua magari ya kusimamisha. Nao wana haki ya kujua, maana asimamaye njia panda kutwa nzima huvuta moshi kuliko mwenye gari. Huko Dzaleka, hesabu za namna hiyo zingefaa kituo cha afya, ambacho huwatibu wakimbizi na Wamalawi wa vijiji vya jirani pia, na zingewapa wanaogawa misaada sababu ya kuhesabu nishati ya kupikia pamoja na chakula.

Jeshi nalo limo katika habari hii. Tangu mwaka 2015 askari wa Malawi wamepata kupelekwa kulinda msitu wa Dzalanyama, ambao ndio chemchemi ya maji ya Lilongwe, dhidi ya wakata miti na wachoma mkaa. Ni kazi ya heshima, ila si ajabu askari huyo arudipo nyumbani akakuta ugali umepikwa kwa mkaa, kwa kuwa mkewe hana kingine. Jiko la udongo liitwalo Chitetezo, ambalo serikali ilikusudia majiko milioni 2 ya aina yake yatumike ifikapo mwaka 2020, hupunguza kuni na lastahili kuenezwa. Halitoshi kuondoa moshi.

HEWA ISIYOONEKANA

Kuna jambo moja ambalo kipima vumbi hakitalionyesha kamwe, nalo ndilo liuao upesi. Mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani u salama, wakaliingiza jiko chumbani usiku wa baridi na kufunga mlango. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara mia mbili, na aliyelala hukosa pumzi bila kuzinduka. Vyombo vya kuipima hewa hiyo vipo, lakini ni vya namna nyingine, na anayenunua chombo kwa ajili ya familia hana budi kuuliza kinapima nini.

Jiko la mkaa liwashwe nje na libaki nje. Likiwa limetumika ndani, litolewe kabla ya watu kulala, hata kama linaonekana limezimika, kwani makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa sumu. Mtu akilalamika kichwa kumwuma, kizunguzungu na kichefuchefu katika chumba chenye jiko, hasa ikiwa watu wawili au watatu wameanza kuugua pamoja, milango na madirisha yafunguliwe mara moja, wagonjwa watolewe nje, na wapelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.