Tabibu Mmoja, Leseni Ngapi?

Kambi ya Fort Campbell, makao ya Divisheni ya 101 ya Jeshi la Marekani, imekaa juu ya mpaka wa majimbo mawili, Kentucky na Tennessee. Daktari mwenye sare huwatibu askari na jamaa zao kambini humo kwa leseni ya jimbo lolote. Lakini daktari raia wa mjini Clarksville, aliye na leseni ya Tennessee peke yake, haruhusiwi kutibu watu mjini Hopkinsville, upande wa pili wa kambi, mpaka apewe leseni ya Kentucky. Maradhi ni yale yale na dawa ni zile zile. Kilichobadilika ni jimbo.

Desturi hiyo ni ya zamani. Katiba ya Marekani iliyaachia majimbo mamlaka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa, na ulinzi wa afya ya raia ukahesabiwa humo. Mwaka 1889, katika shauri la Dent dhidi ya West Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo lina haki ya kumzuia asiye na leseni asitibu. Uamuzi huo ulifaa, maana zama hizo walaghai walikuwa wengi na vyuo vya utabibu havikulingana.

Leo mambo ni mengine. Wauguzi wa majimbo yote 50 hufanya mtihani mmoja wa taifa, na madaktari nao hupimwa kwa mitihani ya taifa. Tangu mwaka 1990 liko pia daftari la taifa linalotunza habari za matabibu walioadhibiwa. Kipimo ni kimoja, lakini leseni bado ni vipande vipande.

Mzigo huu umewaelemea sana wake na waume wa askari. Amri ya uhamisho itokapo, askari huenda na cheo chake; mkewe aliye muuguzi huenda akaanza upya kujaza fomu, kulipa ada na kungoja, huku mshahara umekatika na watoto wanataka kula. Nafuu imekuja kidogo kidogo. Mapatano ya majimbo juu ya wauguzi yalianza mwaka 2000 na kuimarishwa mwaka 2018, ingawa California na New York zilikuwa bado hazijajiunga mwaka 2024 ulipokwisha. Mnamo Januari 2023 ilitiwa saini sheria inayomwezesha askari au mwenzi wake, ahamapo kwa amri ya jeshi, kutumia leseni yake ya awali. Raia ahamaye kwa sababu nyingine hafikiwi na sheria hiyo.

Wapinzani wa leseni ya taifa wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Mgonjwa aliyedhulumiwa atapeleka wapi malalamiko yake? Halmashauri ya jimbo lake iko karibu kuliko ofisi ya Washington.

Hata hivyo, mambo hayo mawili yaweza kutenganishwa: leseni itolewe na taifa, na malalamiko yasikilizwe jimboni. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipozidi, majimbo mengi yalilegeza masharti ili wauguzi na madaktari wa kwingine waingie kazini. Jeshi nalo limekwisha onyesha njia. Ikiwa leseni moja yatosha kumtibu askari popote atumwapo, yapasa itoshe pia kumtibu mkulima na mwanawe.