Kuacha Sigara kwa Anayenunua Moja Moja

Ushauri mwingi wa kuacha sigara humtaka mvutaji atupe pakiti yake. Ushauri huo, ambao nasi tumewahi kuurudia, unamfaa mwenye pakiti. Katika mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini hapa Tanzania, mvutaji hana pakiti. Hununua sigara moja asubuhi kibandani, nyingine baada ya chakula, na ya tatu akishalipwa ujira wa kutwa. Kiberiti huazima papo hapo. Sigara iliyotolewa pakitini humfikia bila onyo la kiafya, na gharama yake haionekani kwa kuwa hulipwa kwa sarafu.

Tuchukue mfano wa sigara nane kwa siku, kila moja kwa shilingi 200. Kwa siku ni shilingi 1,600, kwa siku 30 ni 48,000, na kwa mwaka ni 584,000. Weka bei ya kibanda chako na idadi yako mwenyewe. Kwa familia inayonunua unga wa kupimiwa, fedha hiyo ni chakula au kodi ya chumba. Chumba chenyewe kikiwa kimoja, moshi huvutwa pia na watoto. Na mvutaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu kuliko asiyevuta.

Kwa kuwa sigara za mtu huyu hukaa kibandani, maandalizi nayo yaanzie huko. Chagua siku ya kuacha, kisha mweleze mwenye kibanda na umwombe asikuuzie wala kukukopesha. Wapo watakaocheka, wapo pia watakaokusaidia kuliko unavyodhani. Kwa wiki za mwanzo badilisha njia au kijiwe, na sarafu za sigara mkabidhi mtu wa nyumbani kila jioni. Usimtume mtoto kukununulia: sheria inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18.

Hali ambayo vijiweni huitwa arosto huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho. Hasira, kukosa usingizi, njaa na kushindwa kutulia huwa vikali zaidi katika siku tatu za kwanza, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe, inapokuja, kwa kawaida hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tembea, au zungumza na mtu mpaka ipite. Ukiteleza ukavuta moja, usihesabu kuwa umeshindwa. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Ziko dawa za kusaidia. Ubani wa kutafuna na plasta za kubandika mwilini, zote zenye nikotini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Hatutadai kwamba kila msomaji atazimudu au kuzikuta karibu naye. Ushauri wa mhudumu wa afya, hata wa dakika tatu, nao huongeza uwezekano wa kuacha. Uulizie unapokwenda kituoni kwa jambo jingine lolote. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waonane na mhudumu kabla ya kutumia dawa yenye nikotini.

Tunatahadharisha hasa juu ya chupa na unga unaouzwa stendi na minadani kwa ahadi ya kukata hamu ya sigara kwa siku moja. Dawa halali huwa na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuhamia ugoro au shisha pia si kuacha, kwani vyote ni tumbaku na vina nikotini. Ukiuziwa dawa isiyo na maelezo hayo, usiimeze wala usiitupe. Ilete pamoja na kifungashio chake katika ofisi yetu iliyo karibu, ukitaja mahali ulipoinunua.