Fangasi wa Kucha Katika Nchi ya Korosho

Mkulima wa Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hahitaji kuelezwa kuvu ni nini. Kila kipupwe, mikorosho inapochipua majani mapya na kutoa maua, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, huingia mashambani, na kutoka Mbekenyera hadi Nachingwea zinasikika mashine za kupulizia salfa. Mkulima huyo anajua jambo ambalo wagonjwa wengi wa fangasi wa kucha hawalijui: salfa haifufui ua lililokwisha kuungua, inalinda chipukizi. Dawa ya ukucha nayo hufanya hivyo hivyo, na kutolijua hilo ndiko kunakowafanya watu wengi waache tiba njiani.

Ukucha ni keratini, protini ile ile ya nywele na kwato. Unapochomoza nje ya ngozi tayari umekufa, kwa hiyo ulioharibika haurudi kuwa mzima. Husukumwa mbele na ukucha mpya mpaka ukatwe. Wa mkononi hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, wa mguuni nusu ya hapo au pungufu. Kidole gumba cha mguu huhitaji miezi 12 hadi 18 kubadilisha ukucha mzima. Fangasi, hasa Trichophyton rubrum, mara nyingi huanzia katikati ya vidole, ngozi inapowasha na kubanduka. Kisha hupenya chini ya ncha ya ukucha na kuila keratini kuelekea shinani. Ukucha huwa wa njano au kahawia, hunenepa, humeguka, na chini yake hujaa ungaunga.

Lakini kati ya kucha zilizoharibika, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi, na huku Kusini kuna sababu ya ziada ya kutilia shaka. Mwangalie mama anayebangua korosho kienyeji. Anazichoma kwenye bati mpaka zishike moto, anazipasua moja moja juu ya jiwe, anapaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasimgande. Mafuta hayo yana asidi kali inayounguza. Kazi ikiisha, kidole gumba na cha shahada ni vyeusi, ngozi imebanduka, kucha zimekwaruzika. Akiuziwa dawa ya fangasi, fedha yake imepotea bure. Mama lishe, ambaye mikono yake hushinda majini, huvimba shina la ukucha kwa kandida, kuvu wa aina nyingine. Huyo kwanza anahitaji mikono mikavu. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi, ila mstari mmoja unaozidi kupanuka, au weusi unaovuka hadi kwenye ngozi, uonyeshwe kwa daktari mapema, maana unaweza kuwa saratani.

Tena yupo kuvu wa nchi za joto, Neoscytalidium dimidiatum, anayeua matawi ya miti ya matunda na anayeweza pia kuingia kwenye ukucha wa mtu. Vidonge vya kawaida mara nyingi havimwezi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo kitangulie. Kipande cha ukucha hukatwa, hulainishwa kwa potasi haidroksidi, kisha nyuzi za fangasi hutafutwa kwa hadubini, chombo kile kile kinachotumika kutafuta vimelea vya malaria. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimefundisha wataalamu wa kazi ya namna hii.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yamewasogezea wanavijiji dawa, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo krimu ya dukani haipenyi ukucha mnene. Ipakwe katikati ya vidole, ambako inafanya kazi vizuri. Tiba yenye nguvu zaidi ni vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mkono na wiki 12 kwa za mguu. Mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito na anayetumia dawa nyingine wasivimeze bila ushauri wa daktari. Salfa ya shambani isipakwe vidoleni kabisa, inaweza kuunguza ngozi.

Ugonjwa huu hurudi kwa urahisi. Baada ya kuoga au kutia udhu, katikati ya vidole pafutwe pakauke. Kandambili za msikitini na za bafuni ambazo kila mtu huvaa ni njia ya fangasi, na kadhalika wembe mmoja wa kukatia kucha za nyumba nzima. Gumbuti za shambani na za machimbo ya kinywe zianikwe. Mwenye kisukari akague miguu kila siku, kwa kuwa ukucha mnene huchubua ngozi, bakteria huingia, na kidonda cha namna hiyo kimewapotezea watu miguu.

Vidonge vikiisha, ukucha bado utaonekana mbovu. Mtoa huduma anaweza kuchora alama ndogo juu yake, mpakani mwa sehemu safi na iliyougua. Alama husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Baada ya miezi kadhaa, ubovu ukiwa bado uko mbele ya alama, dawa imefanya kazi. Ukiwa umeivuka kurudi shinani, mgonjwa apimwe upya.