Gari Linalokonyeza Ugonjwa Wake

Chukua Dodge Aries au Plymouth Reliant ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ile ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta badala ya kabureta. Bila kuwasha injini, fungua swichi, funga, fungua, funga, fungua, yote ndani ya sekunde tano. Kisha tulia uitazame taa ya tahadhari kwenye dashibodi. Itaanza kukonyeza: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena. Hiyo ni 22, na fundi anajua kwamba sensa ya joto la maji inalalamika. Mbili kisha moja ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Moja kisha mbili ni ukumbusho kwamba betri ilichomolewa siku za karibuni. Ikikonyeza tano na tano, gari limemaliza kusema. Kazi yote inataka ufunguo, macho na mtu anayejua kuhesabu. Mashine ya kupimia haihitajiki. Gari la bei ya chini lilimheshimu mwenye nalo kiasi hicho. Magari haya mawili pacha, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yalitengenezwa kati ya 1981 na 1989, jumla karibu milioni 2. Leo kuliona moja barabarani Marekani ni bahati. Yamekwenda wapi?

Jibu jepesi ni kwamba yalikuwa mabovu, ndiyo maana yameisha. Silikubali, na shahidi wangu ni injini yenyewe. Habari ya Chrysler, kampuni iliyoyatengeneza magari haya, kunusurika kufilisika inajulikana: dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 kutoka serikalini, mkuu wake Lee Iacocca kwenye matangazo, deni kulipwa 1983 kabla ya wakati. Asiyetajwa sana ni Willem Weertman, mhandisi wa injini wa kampuni hiyo, aliyeshiriki kuunda ile injini ya silinda sita iliyoinamishwa upande, iliyotoka 1960 na kusifika kwa kutokufa. Mkono wake umo pia kwenye injini ya lita 2.2 iliyobebwa na magari haya, na baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu injini za Chrysler. Ukiifungua hiyo 2.2 ni kama unamsikia akieleza alichokihofia. Bloku ni chuma cha kusubu, silinda hedi ni aluminiamu, nguvu mwanzoni ilikuwa ya farasi 84 tu. Mkanda wa taimingi ni wa mpira, na mpira hukatika. Lakini ukikatika, valvu na pistoni hazikutani. Gari linazimika, linavutwa hadi gereji, linafungwa mkanda mpya na kuondoka. Kwenye injini nyingine nyingi, kukatika huko huko kunapinda valvu, na mwenye gari anaanza kutafuta injini nyingine. Huyu mhandisi alijua kuna siku mwenye gari atachelewa kubadilisha mkanda, akamsamehe mapema.

Sisemi gari halikuwa na dosari. Injini ikichemka, gasketi ya silinda hedi huungua, na hilo lilizitesa gereji nyingi. Kuna pia atakayenikumbusha Chevrolet Citation, gari dogo jingine la magurudumu ya mbele, lililouzwa zaidi ya 800,000 katika msimu wake wa kwanza, wa 1980. Breki zake za nyuma zilidaiwa kukamata na kulitelezesha gari; serikali ikaishtaki kampuni iliyolitengeneza, General Motors, 1983, na 1987 mahakama ikaipa kampuni ushindi. Hata hivyo jina la gari lilikuwa limeshachafuka. Nalo leo ni adimu. Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapovunjika: kama gari lililolalamikiwa hivyo na gari lenye injini ya kusamehe yote mawili yametoweka, basi uhaba hautuambii lipi lilikuwa bovu.

Wengine wanaulaumu mpango wa serikali wa 2009, ulioteketeza magari chakavu kwa kumiminia injini dawa ya kuzigandisha. Lakini ule mpango ulitaka gari linalokula sana, lisilozidi maili 18 kwa galoni. Reliant ilikuwa na ulaji mdogo kuliko huo. Ilibaki nje ya mlango.

Mimi naona sababu ni bei. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi kaskazini mwa Marekani ilikula bodi huku injini ikiendelea kuunguruma. Fundi wa huko hulipwa kwa saa, na gari la familia la bei nafuu, likifikisha miaka kumi na mitano, thamani yake inazidiwa na saa chache za kazi. Gasketi moja ikiungua, hesabu inaamua: skrepa. Mustang ya miaka ya 1960 ikiwa na ugonjwa huo huo hufunikwa turubai na kusubiri, kwa kuwa kuna anayeitamani. Ni kweli pia kwamba Reliant chache zilizobaki huenda ndizo zilizotunzwa vizuri kuliko nyingine, na haziwezi kuzisemea zote. Hilo nalikubali. Bado linanikera moja: katika zile zilizopondwa, ngapi ziliingia kwenye mashine zikiwa bado zinawaka, na taa zake za dashibodi zingali na la kusema kama kuna mtu angezungusha ufunguo?