Turbo Katika Injini Isiyozaliwa Nayo

Kila msimu wa watalii unapokaribia, wenye magari ya zamani ya Land Cruiser katika miji yetu ya Arusha, Karatu na Moshi hurudia swali lile lile mbele ya mafundi wao: je, injini hii ya dizeli, ambayo huishiwa nguvu kila ionapo mlima, ifungwe turbo? Wako wanaolicheka swali hilo na kuliita anasa. Sisi hatumo miongoni mwao. Uamuzi huu unagusa akiba ya mwenye gari, usalama wa abiria na, jambo ambalo husahauliwa mno, mshahara wa dereva.

Injini inayozungumzwa mara nyingi ni ile iitwayo 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, ambayo Toyota walianza kuiuza mwaka 1990. Sifa zake hazina ubishi. Ni injini nzito, pole, yenye nguvu za farasi zipatazo 130, na husamehe mengi: mafuta machafu, vumbi, hata uzembe kidogo. Lakini haina turbo. Huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na hapo ndipo milima yetu inapoiadhibu. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi. Huko ukingoni hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na hewa ya Tanga au Dar es Salaam. Pampu ikiendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha pwani, yale yasiyopata hewa ya kutosha hutoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweusi. Yeyote aliyepanda barabara ya Lerai nyuma ya gari la namna hiyo, likiwa limejaa wageni, anaujua moshi huo.

Turbo ni mapanga mawili yaliyofungwa katika mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi wa moto ambao vinginevyo ungepotea bure. La pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia wazo hili hataza mwaka 1905. Katika 1HZ, mafundi waangalifu hawazidishi presha ya turbo kupita paundi 7 au 8 kwa inchi ya mraba. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini chatosha kuirudishia injini iliyo ukingoni mwa Ngorongoro hewa yote iliyoikosa, na ziada juu yake. Kwa hiyo wale wasemao kwamba turbo ni mchezo wa vijana wapenda mbio hawakuitazama ramani ya mkoa huu.

Hata hivyo, injini isiyozaliwa na turbo haigeuki kuwa injini ya turbo kwa sababu tu imefungwa moja ubavuni. Ndugu yake 1HZ, ile 1HD-T ya lita 4.2 vilevile, ilitoka kiwandani na turbo mwaka huo huo wa 1990, na ilitengenezwa kwa namna nyingine kabisa. Mafuta yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake ni kama 18 na nusu kwa 1. Katika 1HZ mafuta huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilicho kwenye silinda hedi, na mgandamizo wake unapita 22 kwa 1. Tayari kuna joto jingi katika mahali padogo. Ukiongeza mzigo bila kipimo, nyufa huanzia hapo hapo kwenye vyumba hivyo, kisha hedi hupasuka, gasketi huungua, na mwisho pistoni huyeyuka kichwani. Aluminiamu halisi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi. Aloi ya pistoni haiko mbali na hapo, na kinachoiokoa ni oili na hewa baridi inayoingia kila mzunguko.

Hapa tungependa kusahihisha dhana iliyoenea. Turbo peke yake, yaani hewa zaidi kwa mafuta yale yale, hupunguza joto la moshi. Kinachoua injini ni bisibisi. Mteja hulijaribu gari, haoni tofauti kubwa kama alivyotarajia, hurudi akilalamika, na fundi, ili asionekane ameshindwa, hufungua skrubu ya pampu na kuongeza mafuta robo mzunguko, kisha robo nyingine. Mteja huondoka akitabasamu, na gari huvuta kweli kweli. Hasara huonekana miezi michache baadaye, katikati ya mlima.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba kifaa cha kwanza kununuliwa kiwe geji ya joto la moshi, kabla hata ya turbo yenyewe. Kipimo chake huchomekwa kwenye ekzosi kabla ya moshi kuingia katika turbo, na mshale wake huwekwa mbele ya macho ya dereva. Mafundi wengi wenye uzoefu hawakubali mshale ukae juu ya nyuzi 650 hadi 700 kwa muda mrefu. Ukifika huko, dereva apunguze mafuta na ashuke gia. Geji ikiwekwa nyuma ya turbo husoma nyuzi mia moja au zaidi chini ya hali halisi, na humdanganya anayeitegemea.

Oili nayo inataka heshima yake. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili. Bomba la kuirudisha oili sharti lishuke bila kupinda na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili iliyomo. Gari lililotoka mlimani lisizimwe papo hapo. Liachwe lingurume dakika moja au mbili, la sivyo oili iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi.

Sasa tuje kwa dereva. Si haki hata kidogo mwenye gari kufunga turbo, kukataa gharama ya geji, kumhimiza dereva awahi lango kabla halijafungwa, kisha injini ipasukapo amkate mshahara kwa kosa la kuendesha vibaya. Dereva huyo alipewa moto bila kipimo cha moto. Tunapendekeza kila gereji inayofunga turbo iandike kwenye karatasi presha iliyowekwa, pampu imefunguliwa kiasi gani, na joto lililosomwa siku ya majaribio mlimani. Nakala moja ikae ndani ya gari. Karatasi hiyo itamlinda dereva, na itamlinda fundi pia. Kampuni ya bima nayo ielezwe mapema, wala isisubiri kugundua yenyewe baada ya ajali.

Breki hazisaidiwi na turbo kwa lolote. Gari linalopanda upesi zaidi litashuka na uzito ule ule na breki zile zile.

Na ikiwa gari lenyewe limekwisha kutembea laki nyingi za kilomita, linakula oili na rejeta yake imeziba, basi turbo isubiri. Fundi apime kwanza mgandamizo wa silinda zote sita, nozeli zisafishwe, rejeta izibuliwe na valvu zirekebishwe. Gari zima la namna hiyo, likipandishwa kwa gia ya pili bila haraka, litawafikisha wageni ukingoni wakiwa wamechelewa dakika chache tu.