Gari Lako Linakula Mafuta Kiasi Gani? Maelezo kwa Wenye Magari wa Homa Bay na Migori

Ukisimama katika steji yoyote kuanzia Oyugis hadi Isebania, hutakosa kusikia mjadala huu. Mmoja anasema hakuna gari linalobana mafuta kama Demio. Mwingine anaapa kwamba Probox ndiyo mfalme wa barabara zetu. Wa tatu ameagiza gari la haibridi kutoka Japani, akaahidiwa kilomita 35 kwa lita moja, na sasa anajiuliza zile kilomita zilipotelea wapi.

Mjadala huu si wa kupitisha wakati tu. Wakaazi wengi wamechukua mikopo ya sacco kununua magari, na hesabu ya kulipa mkopo huo ilitegemea namba iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma au iliyotajwa na muuzaji. Namba hiyo ikikosea, pengo linazibwa na karo, na akiba, au na nauli ya abiria. Makala haya yanaeleza namba hizo zinatoka wapi, kwa nini barabara zetu hazikubaliani nazo, na jinsi unavyoweza kujua ukweli wa gari lako mwenyewe.

Namba ya Japani ni ya maabara

Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japani, na sharti la Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) ni kwamba gari lisizidi umri wa miaka 8. Kila gari hilo lilipimwa ulaji wake wa mafuta likiwa jipya, ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya mitambo. Halikupanda mlima, halikukanyaga changarawe wala kubeba gunia la omena.

Tena vipimo vyenyewe vimebadilika. Kipimo cha zamani kiliitwa 10-15 Mode, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Baadaye kikaja JC08, chenye mwendo unaofika karibu kilomita 82 kwa saa na sehemu inayoanza injini ikiwa baridi. Sasa kuna WLTC, ambacho kinakaribia zaidi hali ya barabarani.

Mfano mzuri ni Mazda Demio yenye injini ya Skyactiv ya 1300 iliyotoka mwaka 2011. Kwa kipimo cha 10-15 Mode ilipewa kilomita 30 kwa lita. Kwa JC08, gari lile lile lilipewa kilomita 25. Hakuna nati iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni mtihani. Toyota Aqua nayo ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitajwa kwa kilomita 40 kwa kipimo cha zamani na 35.4 kwa JC08.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba, swali la kwanza ni: kwa kipimo gani? Na hata akijibu, ichukue namba hiyo kama njia ya kulinganisha gari moja na jingine lililopimwa kwa mtihani huo huo. Si ahadi ya kile utakachopata kati ya Rongo na Mbita.

Hesabu inayogusa mfuko

Tuseme mwalimu anaishi Migori na husafiri hadi Homa Bay na kurudi, jumla ya kilomita 150, mara moja kila wiki. Aliambiwa gari litampa kilomita 25 kwa lita. Kwa hesabu hiyo angetumia lita 6. Lakini gari linampa kilomita 15, hivyo anatumia lita 10. Bei ikiwa shilingi 180 kwa lita, alitarajia kulipa shilingi 1,080 na sasa analipa 1,800. Tofauti ni shilingi 720 kwa safari moja, na 2,880 kwa safari nne za mwezi.

Gari hilo si bovu. Huenda linafanya kazi vizuri kabisa. Kosa lilikuwa katika bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya kilomita kwa lita huficha. Ukilitoa gari kutoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita, katika kila kilomita 1,000 unaokoa lita 25. Ukilitoa jingine kutoka kilomita 16 hadi 20, unaokoa lita 12 na nusu tu, ingawa ongezeko linaonekana kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mwenye pikapu kuukuu inayokula mafuta ndiye mwenye faida kubwa zaidi akiitengeneza, kuliko jirani yake anayehangaika kulikamua gari dogo ambalo tayari linabana.

Kwa nini barabara zetu zina majibu yake

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barabara nyingi zinazoingia Homa Bay hushuka kuelekea ziwani. Dereva anayetoka Rongo kwenda Homa Bay, kwa jumla, anashuka. Akirudi, anapanda. Anayepima safari ya kwenda peke yake atajisifu, na anayepima ya kurudi peke yake atamlaumu fundi. Kipimo cha haki ni cha kwenda na kurudi.

Mzigo nao ni jambo kubwa. Gari linalopimwa Japani hubeba watu wachache. Probox inayotoka Mbita ikiwa na abiria waliobanana na magunia ya omena nyuma inafanya kazi nyingine kabisa. Kila kilo inayopandishwa mlima inalipiwa kwa mafuta, na kila mara dereva anapofunga breki kwenye tuta, nguvu ile iliyonunuliwa kwa mafuta inageuka kuwa joto na kupotea.

Hapo ndipo sifa ya haibridi inapoeleweka. Gari la haibridi hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri kila linapopunguza mwendo. Kwa hiyo hung'aa zaidi kwenye msongamano wa Nairobi au Kisumu, mahali pa kusimama na kuondoka kila mara. Kwenye barabara ndefu kati ya Awendo na Migori, ukienda kwa mwendo mmoja, faida yake hupungua. Bado ni gari linalobana mafuta, lakini usilinunue kwa namba ya mjini kama wewe ni mtu wa safari ndefu.

Mwendo pia una bei yake. Upinzani wa hewa hauongezeki kwa kiasi kile kile mwendo unavyoongezeka. Huongezeka kwa kasi zaidi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upinzani huo unakaribia kuongezeka maradufu. Keria tupu juu ya gari huongeza mzigo huo wa upepo bure.

Probox, Fielder na Sienta: ugomvi wa ndugu

Wapenzi wa magari hubishana sana kuhusu haya matatu. Probox ilitoka mwaka 2002. Wengi hawajui kwamba Probox ya 1500 ya miaka hiyo, Fielder ya 1500 na Sienta ya kwanza zilitumia injini ya familia moja, yaani 1NZ-FE. Zikitofautiana katika ulaji wa mafuta, sababu haiko sana kwenye injini. Tafuta uzito, gia, umbo la gari, matairi, na zaidi ya yote, mguu wa dereva. Kuanzia mwaka 2014 Probox mpya ilipewa gia za CVT, hivyo Probox mbili zinazofanana jina zinaweza kutoa majibu tofauti.

Wanaopenda dizeli nao wana hoja. Lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita moja ya petroli, na injini yake huitumia vizuri zaidi. Lakini dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha injini ikipata moto wa kutosha katika safari ndefu. Kama gari lako ni la kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, kichujio hicho kinaweza kuziba, na gharama ya kukirekebisha ikala akiba yote ya mafuta.

Imani nne za kuachana nazo

*Kuweka gia huru mteremkoni huokoa mafuta.* Hii ndiyo hatari kuliko zote. Katika injini za kisasa za kudungia mafuta, ukiachilia mafuta mteremkoni gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi, na umepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Wanaozima injini kabisa wanajiweka katika hatari kubwa zaidi: breki huwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache, usukani huwa mgumu, na unaweza hata kujifunga. Hakuna lita ya mafuta inayolingana na maisha ya abiria.

*Petroli ya bei ya juu huongeza kilomita.* Kama kitabu cha gari lako kinataka petroli ya kawaida, ile ya oktani ya juu haitakupa faida utakayoiona mfukoni. Fuata kitabu.

*Oili nzito hulinda injini.* Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yalitengenezwa kwa oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Ukitiwa 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyopo karakana, injini hufanya kazi zaidi kuisukuma na mafuta huongezeka. Muulize fundi ni oili gani anamimina kabla hajamimina.

*Kuacha injini ikinguruma si kitu.* Injini ndogo ikinguruma bila kwenda huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Matatu inayosubiri abiria ikinguruma kwa saa mbili kila siku inaweza kuchoma hadi lita mbili bila kusogea hatua moja.

Pima mwenyewe, tanki hadi tanki

Huhitaji fundi wala kompyuta. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako, angalau kilomita 300, ukijumuisha kwenda na kurudi. Kisha rudi kwenye pampu ile ile ukajaze kwa namna ile ile. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kama ulienda kilomita 420 na kujaza lita 28, gari lako linakupa kilomita 15 kwa lita.

Rudia mara tatu, kisha chukua wastani. Andika kwenye daftari. Siku namba itakaposhuka ghafla bila sababu, gari linakuambia kitu: upepo wa matairi umepungua, kichujio cha hewa kimejaa vumbi la changarawe, plagi zimechakaa, au breki inang'ang'ania. Madereva wa magari ya serikali hujaza hati ya safari kila wanapotoka, kwa sababu mafuta yale ni fedha za umma. Fedha za nyumbani kwako hazistahili uangalizi mdogo zaidi.

Bei na pampu: haki yako

Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa kwa kila mji, itakayoanza kutumika tarehe 15. Kituo kinaweza kuuza chini ya bei hiyo, lakini si juu yake. Bei hutofautiana kati ya mji na mji kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Ndani ya kila lita kuna pia kodi: VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, na tozo ya kukarabati barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024. Lita unayoichoma bure umeilipia yote hayo.

Kupima pampu ni kazi ya maafisa wa mizani na vipimo. Wao hukagua kama lita inayoonyeshwa ni lita kamili, kisha huitia pampu muhuri. Kabla ya kujaziwa, hakikisha pampu inasoma sifuri na uombe risiti. Ukishuku kipimo, usibaki kunung'unika steji. Peleka risiti yako katika ofisi ya idara ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe.

Na usinunue petroli kwenye chupa au mitungi kando ya barabara. Huwezi kujua kipimo chake, huwezi kujua imechanganywa na nini, na ni hatari ya moto kwa muuzaji, mnunuzi na majirani.

Mjadala wa Demio na Probox hautaisha, na hakuna ubaya. Lakini atakayeshinda steji ni yule mwenye daftari mkononi. Kabla hujasaini fomu ya mkopo wa gari, mtafute jirani mwenye gari kama hilo, anayepita barabara unazopita wewe, na umuulize si kioo kinasema nini, bali anajaza lita ngapi kwa wiki.